Mdogo Hamsalimu Mwami Kwanza

Ashukuriwe Mungu aliyetupa pumzi ya asubuhi hii bila kutuuliza tuliifanyia nini ile ya jana. Wasomaji wangu, yule mlinzi wa duka la samani hapa mtaani kwetu Rosettenville, ambaye wengi wenu mlimwita Mheshimiwa, alifariki hospitalini Jumanne. Nilipopigiwa simu nilikuwa nanyoa ndevu. Nikasikiliza, nikashukuru, nikamalizia kunyoa. Machozi hayajaja hadi leo.

Jina hilo halikuwa utani mtupu. Alikuwa mtoto wa pili wa mwami, mtawala wa jadi huko mashariki ya Kongo. Kiti kilikwenda kwa kaka yake. Yeye akapelekwa jeshini, akafika cheo cha kapteni, kisha ukoo ukamtuma bungeni. Wasusi wa jirani walimchokoza kila asubuhi: "Mheshimiwa, leo bunge limefungwa?" Naye, funguo za geti mkononi, "Spika anakunywa chai, mama. Ungojee."

Kilichomtoa kwao ni bonde moja. Kaka yake alitaka wakazi wa bonde hilo wahamishwe ili mgodi uchimbwe, akamwagiza mdogo wake aunge mkono bungeni. Lakini watu wale ndio waliomficha yeye na askari wake wakati wa vita. Akasimama, akapinga mbele ya wote. Mwami hakumlaani. Aliacha tu kumsalimu. Na kwao mdogo hamsalimu mwami kwanza. Hungoja asalimiwe, ndipo aitike akiwa amesimama. Basi akaondoka, akaishia ugenini huku kwetu, kulinda geti.

Jumapili moja baada ya ibada nilimwambia, "Si umpigie tu?" Akacheka kidogo. "Mzee, mimi niko mutoto wa pili. Nikimusalimia wa kwanza, ni sawa namutoa kwenye kiti."

"Hata akiwa ndugu yako?"

"Zaidi kabisa akiwa ndugu." Kisha akachukua kalamu yangu, akaandika namba ya kaka yake kwenye jalada la ndani la Biblia yangu. "Ikae kwako," akasema. Nikamsifu kwa heshima yake, nikamwombea, nikamwambia asubiri, Mungu atafungua njia. Alisubiri miaka tisa.

Juzi tulikuwa msibani, jeneza mbele yetu, simu ya mjane ikalia. Alikuwa mwami. Habari za kifo alikuwa nazo tayari. Akaomba simu iwekwe karibu na ndugu yake, mjane akaiweka juu ya jeneza, sauti ikiwa wazi. "Mtoto wa baba, umeamka?" Kisha akanyamaza, kama desturi inavyotaka, akingoja kuitikiwa. Tulimsikia akipumua. "Mtoto wa baba, umeamka?" Nikajikuta nimesimama, lakini jibu halikuwa langu. Mjane akakata simu.

Nimefundisha subira kanisani maisha yangu yote, na bado naiamini. Lakini desturi ile ilimfunga yeye, si mimi. Mimi si mdogo wa mwami. Namba nilikuwa nayo, kila Jumapili niliibeba kwapani kwenda kuhubiri. Kumbe aliponiandikia alikuwa ameniomba, nami nikampa sala mahali alipohitaji miguu yangu. Aliyekukabidhi neno la kufikisha, lifikishe akiwa hai.

Nawe unayesoma, Mungu akujalie mtu wa kukusalimu leo, na pumzi ya kumwitikia.