Marinda Mawili Mgongoni

Kila Jumatatu asubuhi, kabla ya wateja, Ngollo hutia mafuta cherehani yake. Huiinamisha kichwa, akadondosha tone moja hapa na tone jingine pale, halafu akakanyaga pedeli bila uzi na kusikiliza. Amekaa kwenye baraza ya duka la Popatlal, hapa Tabora mjini, tangu akiwa msichana wa miaka kumi na tisa. Sakafu ya saruji imekwishachimbika vishimo pale miguu ya cherehani inaposimama. Cherehani ikihamishwa siku ya kufagia, Ngollo hairudishi kwa macho. Huisukuma taratibu mpaka aisikie imeingia mahali pake, kama mtu anayejilaza upande wake wa kitanda.

Jumatatu hiyo, kabla hajamaliza, Elieza alipanda ngazi za baraza akiwa na mfuko mkononi.

"Shikamoo, Mama Sayi."

"Marahaba, mwenyekiti. Umeniletea nini, suruali ya mjukuu imepasuka tena?"

"Leo nimekuja na kazi ya heshima."

Zamani Elieza alikuwa mkufunzi wa mgambo, na mpaka leo hutembea kama mtu anayehesabiwa hatua. Sasa ni mwenyekiti wa kikosi cha kujitolea cha kuzima moto wa msitu, watu ishirini na wanne kutoka vijiji vya nyuma ya Isikizya. Wengi wao ni warina asali na wake zao. Kiangazi kikikaza na moshi ukaonekana, huacha walichokishika wakaenda kuwasaidia mabwana misitu, na silaha yao ni matawi mabichi na majembe. Hawana mshahara, hawana gari. Miaka yote wamekwenda na nguo za shamba. Mwaka huu walikubaliana wawe na sare yao.

Elieza alifungua mfuko akatoa gwanda. Lilikuwa la buluu iliyokaribia weusi, laini, lenye zipu mbili kifuani na mistari ya kung'aa mikononi. Binamu yake alikuwa amemtumia kutoka Dar liwe mfano.

"Kitambaa chake kipo, nimeshakiuliza. Kazi yako ni kutoa mengine kama hili. Ukivaa hili, mama, hata ng'ombe anakupisha."

Ngollo hakutazama zipu. Alishika pindo la chini akalisugua kati ya vidole viwili. Kitambaa kikatoa mlio mwembamba, mkavu. Mkono wake ukasimama.

"Hili siwezi kulishona."

"Zipu zinakusumbua?"

"Zipu nimezishona kabla hujaota ndevu. Kitambaa ndicho sikishoni. Moto na hiki haviendi pamoja."

"Mama, hata wanaocheza mpira wanavaa hiki."

"Mpira hauwaki."

Elieza alicheka, akidhani ni mzaha. Alipoona Ngollo hacheki, alikunja gwanda lake. Walikubaliana hivi: Ngollo atashona la kwake moja, la kitambaa anachokitaka yeye, na Jumamosi atalipeleka kwenye mkutano wa kikosi ukingoni mwa msitu. Wenyewe wachague. Litakalochaguliwa ndilo litakaloshonwa, naye asipotaka, fundi mwingine atatafutwa.

Elieza alipoondoka, Ngollo alibaki amekaa, vidole bado vimebana pindo ambalo halipo.

Mume wake, Lugembe, alikuwa mrina asali. Walioana miaka ile nguo zilipokuwa adimu, watu wakipanga foleni kwa kitambaa ambacho hawajui hata rangi yake. Siku hizo kazi kubwa ya Ngollo ilikuwa kugeuza kola: kuifumua iliyochakaa, kuigeuza, kuishona tena, ili shati liishi mwaka mwingine. Halafu bidhaa zikarudi. Dolatbai, aliyekuwa mwenye duka wakati ule, alifungua mzigo mpya mbele ya macho ya Ngollo, na ndani yake mlikuwa na tetroni, kitambaa cha nyuzi za plastiki. Haikunjiki, haipauki, ukiifua asubuhi adhuhuri unaivaa. Ngollo alichukua ya rangi ya udongo uliolowa, akamshonea Lugembe shati la kubana mwili, kama ilivyokuwa mtindo.

Lilikuwa shati la sikukuu. Lakini Lugembe alilivaa kwenda nalo kambini, msituni, mahali ambapo hakuna wa kulitazama ila wanaume sita na nyuki. Alitaka wale wanaume sita waone mkono wa mke wake.

Wiki hiyo hiyo moto ulitoka upande wa Ulyankulu, moto wa mtu aliyekuwa anasafisha shamba, ukapanda na upepo. Wenzake walitoka wakiwa na mashati yaliyotoboka kwa cheche. Lugembe alitoka amebebwa. Alipoletwa nyumbani alisema ameanguka kwenye kaa, na kila mtu akasema hivyo hivyo. Lakini Ngollo ndiye aliyemlowesha mgongo kwa maji ya chumvi, siku baada ya siku, na alichokitoa pale kwa ncha ya kitambaa hakikuwa jivu. Kilikuwa kigumu, cha rangi ya udongo, na kipande kimoja kilikuwa bado na mshono ndani yake. Mshono wake mwenyewe, ule wa sindano ya kurudi nyuma.

Lugembe aliishi miaka thelathini baada ya hapo. Ngozi ya mgongo ilipona ikiwa imejikunja, fupi, na akinyanyua mikono kutundika mzinga, shati lilimkaba. Ndipo Ngollo akaanza kumwekea marinda mawili mgongoni, moja kila bega, yanayofunguka mtu akinyoosha mikono na kujifunga akiishusha. Lugembe alilijaribu la kwanza uani, akajinyoosha kama anayepokea kitu kutoka juu, akasema, "Sasa napumua." Hakuuliza marinda ni ya nini, na Ngollo hakumwambia. Neno tetroni halikutajwa tena katika nyumba ile. Alipofariki, kwa homa tu, homa ya watu wote, alizikwa na shati lenye marinda mawili.

"Bibi, chai yako imepoa."

Alikuwa Kinjal, mjukuu wa Dolatbai, ambaye sasa ndiye mwenye duka. Alikuwa amesimama mlangoni na bila shaka alikuwa amesikia yote aliyoyasema Elieza.

"Kinjal, mwanangu, tuna pamba nzito? Nzito kweli, siyo ya mashuka."

Waliingia wote wawili nyuma ya duka, kwenye rafu ambazo hazifunguliwi. Kinjal alipanda kigoda, akavuta, akapiga chafya, akashusha jora lililofungwa kwa gazeti. Kitambaa kilikuwa na rangi ya nyasi za mwezi wa nane, hakijatiwa rangi wala kung'arishwa, na kilinuka stoo.

"Hiki bibi yangu alikiita merikani," Kinjal alisema, "ingawa kilifumwa hapa hapa nchini."

Ngollo alikijua. Babu wa baba yake alikuwa mpagazi. Alibeba begani mizigo ya kitambaa kama hiki kutoka pwani mpaka hapa, na mara nyingine mpaka Ujiji. Dolatbai alipenda kulisema hilo kila walipotandika jora juu ya meza: babu yako alibeba, babu yangu akauza, sisi wawili tunakata. Kisha alikuwa akipima kwa mkono wake mfupi wenye bangili, kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole, na kuongeza kidogo mwishoni, "ya kosa", ingawa Ngollo hakuwa mtu wa kukosea.

Kinjal alifuta vumbi. "Bibi alinifundisha kuuza nikiwa na miaka kumi na mbili. Sheria zake zilikuwa nyingi, nyingine nimezisahau. Lakini moja ilikuwa lazima. Mtu akitaka tetroni au kitu chochote kinachong'aa, kwanza muulize: unaenda nayo msituni? Akisema ndiyo, mwambie imekwisha, hata kama jora liko mbele yake."

Ngollo aliweka kiganja juu ya jora.

"Nilimwuliza kwa nini. Akasema kuna mtu wa duka hili aliungua. Hakusema nani."

Ngollo alikaa juu ya kigoda kile kile cha kupandia rafu. Miaka yote alikuwa amedhani jambo lile limo ndani ya kifua chake peke yake, kumbe upande wa pili wa ukuta kulikuwa na mwanamke mwingine aliyelibeba, akikataa wateja kimya kimya.

"Kata mita nne," alisema hatimaye. "Na ongeza ya kosa."

Jumamosi kikosi kilikutana mahali njia ya gari inapoishia na miyombo kuanza. Mizinga ya magome ilikuwa imetundikwa juu, mingine mikongwe kuliko waliokaa chini yake. Elieza alikuja amelivaa gwanda lake la buluu, zipu zimefungwa mpaka shingoni, na alikuwa amejipaka mafuta ya kunukia.

Ni ajabu kwamba hakuna aliyemwonya. Kila mtu pale alijua, tangu utotoni, kwamba nyuki hawapendi giza la nguo wala manukato. Lakini sare ni jambo la ofisini, na mtu akivaa sare watu huacha kumwona kama mtu anayeweza kuumwa.

"Tazameni linavyokaa," Elieza alisema, akigeuka taratibu waone na nyuma. Akasogea hatua mbili, chini kabisa ya mzinga.

Nyuki wa kwanza alimgusa shavuni. Wa pili hakusubiri.

"Mwenyekiti, simama kama mti," Levina alimwambia. Levina ni muuguzi wa zahanati na ndiye katibu.

"Mti haung'atwi mdomo," Elieza alijibu, tayari akikimbia.

Walimfukizia moshi, wakamtoa miiba. Aliporudi kukaa, mdomo wa juu ulikuwa umevimba na heshima yake imelegea kidogo, lakini hakuwa amekata tamaa.

"Haya. Rangi nimekubali, nyuki wameshapiga kura. Lakini kitambaa hicho hicho kipo cha kijivu chepesi. Hiki cha Mama Sayi ni kizito, kinakunywa jasho, kinakunjika. Tutaonekana kama watu walioamka sasa hivi."

"Kwenye kufua mwenyekiti ana haki," Levina alisema, akipapasa gwanda la merikani alilolileta Ngollo. "Mimi nafua sare kila siku. Pamba haikauki upesi. Ila mama ametuwekea vitanzi vya kufungia khanga kiunoni, na mfuko wa tochi uko nje, hilo ni zuri. Je, tukitumia mshono huu kwa kitambaa kile?"

Watu wakanong'ona kwamba hilo ndilo. Mshono wa Ngollo, kitambaa cha Elieza. Mikono ikaanza kunyanyuka.

Ngollo alisimama. Alikuja kushona, siyo kusema, na hakujua aanzie wapi, kwa hiyo alianzia mwisho.

"Lugembe hakuanguka kwenye kaa."

Mikono ikashuka.

"Wengi wenu mlimjua. Mliuona mgongo wake alipokuwa anaoga mtoni. Alikuwa amevaa shati la kitambaa kama hicho. Pamba ikishika moto unaivua, unaitupa. Lile halikuvulika. Liliyeyuka likamganda. Nililishona mimi, kwa mkono wangu, na nililibana mwilini lipendeze. Sijawahi kulisema, hata kwake. Ninyi mkitaka kitambaa hicho, fundi wako wengi. Mimi siwezi tena."

Alikaa. Juu, nyuki walikuwa wanarudi mizingani mwao.

Aliyejibu ni mzee Masolwa, mkongwe wa kikosi, ambaye tangu asubuhi hakuwa amefungua kinywa.

"Shemeji," alisema, "mimi ndiye niliyemshika mabega tulipombeba. Njia nzima alikuwa anatuapisha. Alisema tuseme kaa. Alisema, mke wangu akijua ni shati, hatashika sindano tena, na yule bila sindano atakufa." Akajikuna kidevu. "Leo nimekaa hapa natafuta namna ya kukipinga kitambaa hiki bila kuvunja kiapo cha marehemu. Sikuipata. Umenisaidia."

Ngollo alimtazama Masolwa kwa muda, kisha akatazama mikono yake mwenyewe juu ya mapaja. Miaka thelathini walikuwa wamelala kitanda kimoja, kila mmoja akimfichia mwenzake kitu kile kile. Alitaka kucheka. Machozi ndiyo yaliyowahi.

Hakuna aliyeita kura. Elieza alivuta zipu mpaka chini, akalivua gwanda la buluu, akalikunja kijeshi na kuliweka juu ya nyasi. Akaja akasimama mbele ya Ngollo akiwa na fulana tu.

"Nipime, mama. Na mdomo huu usiupime, utapungua."

Ngollo alifuta uso kwa pembe ya khanga, akatoa utepe. Alimgeuza, akaweka kiganja katikati ya mgongo wake, akakiacha pale muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. Mgongo ulikuwa mzima, wenye joto la jua. Akapima bega kwa bega. Kwenye lile gwanda la merikani, lililokuwa limetandikwa juu ya jamvi, alifuatisha kwa chaki marinda mawili aliyokwisha kuyashona, yanayoshuka kutoka mabegani.

Elieza alichungulia nyuma. "Hayo marinda ya nini? Yanakula kitambaa."

"Kitambaa kipo. Livae kwanza."

Akalivaa. Lilikuwa limepwaya, limekunjika, na halikumpa cheo chochote. Akaokota tawi bichi, akalinyanyua juu ya kichwa kama wanavyofanya mbele ya moto, akapiga chini. Marinda yakafunguka, yakajifunga. Akapiga mara ya pili, na ya tatu, kwa nguvu zaidi, halafu akalishusha tawi na hakuuliza tena.

"Anayefuata," Ngollo alisema, na Levina akaja kusimama mbele yake, mikono juu.