Kibati cha Pampu ya Bunda

Mimi ni mtunza stoo Musoma mjini, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuandika majina ya vitu ambavyo hakuna anayevitaka. Ndivyo nilivyotumwa Bunda, kwenye uwanja wa kiwanda cha pamba kilichofungwa, kuorodhesha mitambo ya ziada. Nikakuta pampu moja ndogo nyekundu, ya kubebwa na watu wanne. Injini yake haikuwa na pistoni. Ilikuwa ya tabaini, jamii ya zile za ndege. Mahali pa kibati cha mtengenezaji, kile chenye jina na namba ya mashine, palibaki matundu manne ya skrubu.

Mashine isiyo na kibati wala kitabu huenda kwenye chuma chakavu. Huo ndio utaratibu, na sina ugomvi nao. Ila dada yangu na wanawake wenzake wa Kiriba walikuwa na nyanya zinazokauka hatua chache kutoka ziwani, na mkuu wangu alikubali kuwapa pampu ile iwapo itatambulika. Nilimwambia dada mapema mno. Nilitaka kusifiwa, nakiri.

Nilihangaika wiki mbili. Mtandaoni niliona picha za pampu zinazofanana nayo, lakini yenyewe sikuiona. Mwishowe mlinzi wa pale Bunda akaniambia kwamba mwendeshaji wa zamani wa pampu ile yuko Butiama, amestaafu.

Nilimkuta uani akimenya mihogo. Baada ya shikamoo nikamweleza shida yangu. Aliingia ndani, akarudi na mfuko wa saruji, na humo mlikuwa na kitabu, kibati na skrubu zote nne.

"Mzee, kibati ulikitoa wewe?"

"Siku nastaafu waliniambia nikabidhi kila kitu. Wa kusaini hakuja. Ningeachaje vitu bila sahihi? Watu wanakujaga hapa kuuliza, ila kusaini hawatakagi."

Akanipa fomu ya makabidhiano, imejazwa kwa mwandiko safi, nafasi ya mpokeaji ikiwa tupu. Miaka yote hiyo! Sina mamlaka ya kupokea hata kizibo, lakini nilisaini. Aliikagua sahihi yangu mara mbili, ndipo akaanza kuongea.

"Unaipeleka wapi?"

"Kiriba. Kumwagilia nyanya."

"Hiyo ni ya kuzima moto, mwanangu. Inapigaga maji muda kidogo tu, unaizima ipoe. Ukiiacha masaa inapasuka, na wewe uko pembeni. Halafu mafuta ya taa inakunywa kama ng'ombe wa kiangazi. Soma mwenyewe."

Nilisoma nikiwa nimesimama. Kitabu kilisema hivyo hivyo, kwenye onyo lililozungushiwa mstari mwekundu. Nilimchukia mzee wa watu kwa dakika nzima, kisha nikauchukia mdomo wangu.

Nikampigia dada pale pale.

"Nimepata kitabu," nikasema.

"Jamani, Mungu ni mwema!" Akaanza kuwaita wenzake. Ilibidi nimkatize, nikamweleza yote. Nilisikia mtu akimwaga maji kwenye matuta.

"Kwa hiyo haiji."

"Haiji, dada."

"Jumamosi unakuwaga kazini?"

"Hapana."

"Basi uje. Na ndoo uje nayo, za hapa hazitoshi."