Kichina cha sambusa

Leo nimefundisha Kichina, mimi niliyeishia darasa la tatu!

Binti yangu Mwanasha, anayesomea Kichina apate kazi ya hoteli, kuna herufi ilikuwa ikimshinda: kisanduku chenye vitu ndani. Yeye hukifunga kwanza, ndipo akijaze. Mwalimu hutazama mkono unavyoandika, anamkata alama. Eti vya ndani huandikwa kabla ya kufunga.

Asubuhi, siku yenyewe ya mtihani, akanijia jikoni analia.

"Mama, nitaikosa kazi ya hoteli!"

Roho yangu juu, jamani. Lakini mikono ilikuwa kwenye sambusa.

"Kwani sisi hufunga sambusa kabla ya kutia nyama?"

Akacheka.

Sasa hivi kapiga simu kutoka Diani: "Nimepita, mama! Mwalimu kaniuliza nacheka nini."

Alhamdulillahi. Mwenye mwana aliyekwama na Kichina amlete. Nyama aje nayo.