Filamu Zisizo na Matanga

Mwenye kibanda cha kuchaji simu pale Kibimba ndiye anayenijazia filamu kwenye flashi. Mara ya kwanza alinitajia aina zake kama mwuza vitenge: za mapenzi, za Kihindi, za kutisha, za kuchekesha, tamthilia za mama mkwe asiye na huruma. Nikamwambia, "Niwekee za bunduki." Akanitazama, mjane ambaye hata mwaka sijamaliza. "Mama, una hakika?"

Ninayo. Za mapenzi najua zinavyoanza. Tamthilia ndiyo kabisa, maana mtu akiugua humo anaugua wiki nzima, na mimi nimeuguza vya kutosha. Nashinda kwenye cherehani mpaka miguu inakufa ganzi. Nikirudi nataka watu wanaoanguka mara moja na hadithi ikaendelea. Hakuna anayehangaika kuazima sufuria kubwa la matanga. Hakuna redio inayozimwa. Hakuna shangazi anayekukagua kama umelia vya kutosha. Mume wangu alipokufa sikulia. Niligawa sahani, nikaitikia pole, nikachoka, na uchovu ule haujaniacha hadi leo. Wakwe walisema sana. Waache waseme.

Kisha mama yangu akaja kutoka Bukiriro. Alidai amekuja kunisaidia kupika, lakini nilijua amekuja kunichunga. Jioni ile ile akaketi mkekani na ungo wa maharage, rozari shingoni. Filamu ilikuwa ya aina yangu hasa: ghala, magari, walinzi wanadondoka ovyo. Mama akaacha kuchambua.

"Huyo aliyeanguka mlangoni," akaniuliza kwa Kihangaza, "mbona wanamruka?"

"Ni mlinzi tu, mama. Kazi yake imekwisha."

"Hana kwao?"

Kwetu mtu akifa jembe halishikwi mpaka azikwe, hata kama mlikuwa mnagombania mpaka wa shamba. Maiti ya kurukwa mama hakuwahi kuiona. Akavua rozari. Kila aliyeanguka akamwombea kwa Kiswahili cha kanisani: "Raha ya milele umpe, ee Bwana." Kisha anangoja niitikie.

Nilikasirika, nikaongeza sauti ya televisheni. Walinzi wakazidi kuanguka, na mama, na uzee wake, akashindwa kwenda nao mbio. Akamrudia yule wa mlangoni.

"Mama, ni maigizo! Huyo atanawa rangi, aende kwake kula ugali."

"Basi sala haitapotea. Itampata mwingine."

Akasema tena, akangoja. Hakuniangalia. Wale watu wa bunduki walikuwa wanatoka, wanamruka tena yule mlinzi wa mlangoni, na nikaona soksi yake moja imeshuka mpaka kisiginoni. Mume wangu soksi zake zilikuwa hivyo hivyo. Nilikuwa nazipandisha mwenyewe pale kitandani, mwishoni, alipokuwa hawezi kuinama, na nilikuwa nanung'unika nikizipandisha.

"Na mwanga wa milele," nikaitikia, "umwangazie." Neno la mwisho halikutoka vizuri. Likatoka na machozi, na mengine yote.

Mama aliweka ungo chini. Akajikokota hadi kwenye televisheni, akaizima, kama inavyozimwa kwenye nyumba yenye msiba.