Mama Mkwe Wangu na Vita vya Sayari

Nilikuwa mtu mzima, mwalimu wa fizikia na mke wa mtu, nilipoanza kutawala sayari. Nikirudi kutoka shuleni Mwandiga nilikuwa navua viatu, nawasha kompyuta, na kabla maji ya chai hayajachemka nimeshavamia dola ya jirani. Mume wangu ni karani wa mizigo bandarini Kigoma. Alikuwa akiingia nyumbani kwetu Ujiji na kuuliza kama kuna chakula, nami namjibu bila kugeuka kwamba tuko vitani.

Mchezo wenyewe ni wa kompyuta. Unaanza na sayari moja, unajenga meli za anga, unafanya biashara na mataifa mengine, unapigana nayo, mpaka uwe na dola au uangamie. Kampuni iliyoutengeneza iko Ulaya, na inawaruhusu wachezaji kutengeneza kitu kinachoitwa modi, yaani mafaili yako mwenyewe unayoyaweka juu ya mchezo wao ili kubadilisha lugha, sura za meli, sauti, chochote. Ukimaliza unayapandisha mtandaoni na wengine wanayachukua.

Nilianza na lugha. Mchezo ulikuwa wa Kiingereza, na mimi nilijiona ndiye niliyetumwa kuukomboa. Nilipomaliza maneno sikutosheka. Meli za mizigo nikazichora upya kama maboti ya mbao yaliyopakia madumu ya mawese. Za kivita nikazipa umbo la mgebuka, samaki wa ziwa letu, mwembamba na mdomo uliochongoka. Sayari nikaziita Mwamgongo, Ilagala na Mwandiga. Mwandiga nikaipa hewa ya sumu, kwa sababu za kikazi.

Kilichobaki kilikuwa sauti. Katika mchezo ule kuna mwanamke anayekutangazia hatari, na anasema kwa upole mno, kama mtu anayekuarifu kwamba benki imefungwa. Nikawaza kwamba ninaishi nyumba moja na sauti inayofaa zaidi. Mama mkwe wangu ni Muha wa Mwamgongo aliyehamia Ujiji na wanawe baada ya kufiwa na mumewe. Anauza mawese sokoni, na akiwa kwenye meza yake anaweza kumkaripia mtu aliye upande wa pili wa soko bila kusimama.

Nilimwambia, "Mama, naomba nikurekodi. Nataka kuiweka sauti yako kwenye mchezo."

Akaniuliza kama ni mchezo wa heshima. Nikamhakikishia hauna matusi. Akakubali palepale, akafunga kanga yake vizuri kama vile simu yangu ingemwona. Nikaamini tumeelewana.

Tangu siku hiyo nikawa naacha simu ikirekodi karibu naye, na yeye hakunifanya nisubiri. "Nani kaacha mlango wazi?" ikawa tangazo la kwamba maadui wameingia kwenye anga letu. "Mnakula tu, kazi hamfanyi" ikawa ya sayari inapoishiwa chakula. "Usinitazame hivyo" nikaiweka kwenye mazungumzo ya amani na mataifa mengine. Na kulikuwa na moja ya Kiha. Alikuwa anachambua dagaa huku akinisimulia ujana wake Mwamgongo, na katikati ya hadithi akainua kichwa akaita, wito mrefu, kama wa kumfikia mtu aliye mbali majini. Mimi ni wa Morogoro, Kiha changu kinaishia kwenye salamu, na sikuuliza maana. Nilisikia tu kwamba ni mzuri. Nikakikata kile kipande na kukifanya amri ya kuziita meli zote zirudi nyumbani.

Watu waliipenda modi yangu. Ilichukuliwa na wachezaji wa Arusha, wa Mombasa, hata wa Bujumbura. Nikaanza kutembea katika chumba cha walimu kama mtu mwenye siri kubwa, nikiwahurumia wenzangu wanaosahihisha madaftari bila kumiliki hata mwezi mmoja.

Kisha nikaikuta mahali pengine. Ilikuwa modi ileile, kwenye ukurasa mwingine, chini ya jina la kijana mmoja wa Dodoma ambaye sikumjua. Nilijaribu kujituliza kwamba huenda zimefanana tu, lakini nilipoifungua nikaliona neno "sayali", na hilo lilikuwa kosa langu mwenyewe ambalo sikuwahi kulirekebisha. Sijawahi kufurahi hivyo kuona kosa langu la tahajia. Ulikuwa ushahidi.

Nilimwandikia yule kijana kwanza. Nikamwita mwizi, nikamwambia kwamba mimi ni mwalimu na vijana wa aina yake nawajua. Kisha nikaiandikia kampuni barua pepe ndefu kuhusu hakimiliki. Neno lenyewe nilikuwa nimelisoma siku hiyohiyo, na nikalitumia kama mtu aliyenunua pilipili nyingi kuliko mchuzi wake. Nilieleza jasho langu. Nilieleza usiku niliokesha. Nilieleza kwamba mtu hawezi kuchukua kazi ya mwenzake, kuibadilisha kidogo, na kuitangaza kama yake. Niliandika hivyo kwa watu ambao kazi yao nilikuwa nimeichukua, nimeibadilisha kidogo, na kuitangaza kama yangu, na sikuona kitu.

Walijibu kwa adabu. Walisema hawaamui ugomvi kati ya watengeneza modi. Lakini kwa kuwa nilikuwa nimewaomba wautazame ukurasa wangu, walikuwa wameutazama. Nembo yao nilikuwa nimeiweka na jina langu chini yake kana kwamba sisi ni washirika, tafadhali niiondoe. Muziki niliotumia kwenye video ya kujitangaza ni wa mtunzi mwingine ambaye hata wao walimwomba ruhusa, tafadhali niuondoe. Mwisho wakauliza yule mama anayezungumza ni nani, na kama amekubali kwa maandishi sauti yake itumike.

Nilijiona kama mtu aliyekwenda polisi kuripoti wizi akiwa amevaa koti la mwenzake.

Nilimsomea mume wangu. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaniuliza ni mchezo gani hasa niliomwambia mama yake. Nikamwambia huuhuu. Akasema mama yake amekuwa akimwuliza unarushwa saa ngapi.

Hapo ndipo nilipoelewa. Mama alikuwa amesikia "mchezo" na akaelewa mchezo wa redio. Wiki zote hizo alikuwa amewaambia wanawake wenzake sokoni kwamba mkwewe amemwingiza kwenye mchezo, na meza yake ilikuwa na redio inayolia tangu asubuhi, wakisubiri. Mimi hakuniuliza kwa sababu hakutaka nimwone anapenda sifa.

Siku ya Jumapili, baada ya chakula cha mchana, nikakaa naye mkekani nikamweleza. Haikuwa rahisi. Nilianza na kompyuta, nikaenda kwenye sayari, nikafika Ulaya, na nilipomaliza alisema tu nimwonyeshe. Nikafungua mchezo nikaacha maadui waje. Sauti yake ikauliza nani kaacha mlango wazi.

Aliisogelea skrini. "Hao wanaokuja ni nani?"

"Maadui, Mama."

"Na mimi ndiye ninayewaona kwanza?"

Nikamwambia ndiyo, pale hakuna anayeona kabla yake. Akaitikia kwa kichwa polepole, na nikaona kwamba redio imesamehewa. Akataka kusikia zote. Ile ya chakula ilimchekesha mpaka akajifuta machozi kwa kanga. Alisema watu wa sayari hiyo anawafahamu, wako wengi hata hapa Ujiji.

Kisha nikabonyeza amri ya kurudi. Meli zote zikageuka, na ule wito wake wa Kiha ukatoka kwenye spika ndogo za kompyuta, mrefu, ukajaa sebule.

Aliacha kucheka. Akaniambia nirudie. Nikarudia, na kabla haujaisha akanishika mkono.

Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni. Alisema hajausikia wito huo tangu baba yake azikwe.

Mama akaeleza, akiongea na skrini zaidi kuliko na sisi. Huko Mwamgongo, mumewe akirudi ziwani asubuhi, yeye alikuwa akishuka ufukweni na kumwita hivyo boti likiwa bado mbali. Maana yake ilikuwa kwamba nyumbani wote wazima. Kama kuna mgonjwa, alikuwa anasimama kimya, na mumewe anajua kabla hajakanyaga mchanga. Hawakumfundisha mtu. Siku ile ya dagaa ulimtoka tu, kwa sababu alikuwa amefika mahali hapo katika hadithi.

"Yale mengine chukua, Mwalimu, yafanyie unachotaka," akasema. "Hili lilikuwa la mtu mmoja."

Nilikuwa nimeandika kurasa nzima kuhusu hakimiliki na sikuwa nimelielewa neno lenyewe mpaka hapo. Nikaufuta ule wito mbele yake. Kwa yale maneno yaliyobaki akaniwekea saini, baada ya kuisoma karatasi ya ruhusa na kuniuliza kwa nini nimemwita "msanii" na si "mama wa nyumba hii".

Ila yule kijana wa Dodoma bado alikuwa nao. Ikabidi nimwandikie tena, na si kazi ndogo kumwandikia mtu "habari za siku" chini ya ujumbe uliomwita mwizi. Nikamweleza kwamba kuna sauti moja ambayo mwenyewe haitaki itumike, na kwamba nilikosea kuitoa nje.

Alijibu siku hiyohiyo, akaanza na shikamoo. Alisema ameshaiondoa. Jina langu ameliweka juu ya lake. Alikuwa ameandika la kwake kwa sababu ukurasa haukubali kupandisha kitu bila jina. Kuhusu wizi, aliomba tu nifungue faili la maelezo lililo ndani ya modi yangu. Nikalifungua. Mstari wa mwisho, kwa herufi kubwa, nilikuwa nimeandika SAMBAZA KWA WOTE, HII NI MALI YETU SOTE. Siku hiyo bila shaka nilikuwa na roho nzuri. Akaongeza kwamba amenirekebishia neno "sayari", kama sitajali.

Sokoni Mama aliwaambia wenzake kwamba ule mchezo umehamishiwa Ulaya. Si uongo.

Amri ya kurudi nyumbani ilikaa kimya kwa muda, na wachezaji wakawa wanauliza kama imeharibika. Mama ndiye aliyesema niweke sauti yangu mwenyewe, ile haina mwenye kuidai. Nikajirekodi, kwa hisia zote nilizonazo. Mchezaji mmoja wa Mombasa ameshaandika kwamba anaposikia ninavyoita, anaona afadhali meli zake zifie hukohuko.