Nyumba ya Karuba kwa Mshahara wa Mubi

Miaka ile nilifanya kazi Mubi, ndani ya msitu, kwenye machimbo, nikiosha mawe meusi ya madini mtoni. Mshahara wa Mubi ulisifiwa mpaka Masisi, na juu ya hayo nyumba haikutugharimu kitu: kila mfanyakazi alipewa chumba cha kambi. Aliyetaka nyumba yake mwenyewe alikata miti na majani msituni, na majirani wakamjengea kwa chakula na pombe.

Kwetu Karuba, huko Masisi, ilikuwa kinyume. Kijana aliyechunga ng'ombe wa watu alilipwa maziwa, lakini nyumba iligharimu ng'ombe mzima, kwa sababu malisho yalikuwa yamemaliza miti. Penye pesa nyumba ilikuwa bure, pasipo pesa ilikuwa ghali. Sikupata mtu wa kunieleza.

Nami nilitaka kuoa msichana wa Karuba. Baba yake alisema hatamtoa mpaka aone nyumba, tena Karuba, si msituni.

Desturi yetu, mchumba hasemi mbele ya wakwe, anasemewa. Desturi hiyo ilinifaa sana. Nikampeleka mjomba wangu aombe nyumba iwe ndogo. Mjomba alikunywa kasiksi, ile pombe ya ndizi, kisha badala ya kulia umaskini akaanza kunisifu. Alieleza kwamba sisi wa Mubi tunakula wali siku za kazi, na kwamba mshahara mpya unaukuta wa zamani bado mfukoni. Mimi nilitazama miguu yangu. Baba wa msichana alisikiliza kwa heshima mpaka mwisho.

“Kama mutoto iko na feza ya vile,” akasema, “binti yangu hawezi kulala mu nyumba ya majani. Ajenge ya mabati.”

Mabati yalikuwa juu ya kanisa tu. Yeye mwenyewe alilala chini ya nyasi. Mjomba akajibu kwamba mabati ni kitu kidogo.

Asubuhi nilirudi peke yangu, jambo lisilofanyika. Nilimkuta baba wa msichana akikamua. Nilisimama mpaka akauliza kama nimekuja kununua ng'ombe.

“Papa,” nikasema, “nyumba ya Mubi haiko yangu. Siku nitaacha kazi, watanitoa. Na feza yangu haiwezi kufunika hata jiko.”

“Jana ulikuwa bubu.”

“Jana ni mujomba alisema.”

Alicheka mpaka ng'ombe akasogea. Kisha akasema miti michache iliyobaki iko nyuma ya boma lake, nikate, nijenge ya majani hapo hapo, lakini Mubi nisirudi, binti yake hataolewa na mtu wa kambi. Nikauliza tutakula nini. Akanionyesha ng'ombe kwa kidevu.

Nilikwenda Mubi kuaga. Karani alikuwa amekwisha kumpa mtu mwingine chumba changu, na mtu huyo aliniomba kwa upole nitoe mkeka wangu. Tulioana baada ya mavuno ya maharagwe. Mjomba anawaambia watu kwamba mabati tuliyakataa sisi, kwa sababu ya kelele za mvua.