Uzi wa Buluu Kwenye Chujio

Ndambuki alikuwa mpole kwa kila jambo isipokuwa mtungi wake. Mtungi huo ulikuwa mtambo wa mvuke katika kliniki moja ya wazazi huko Eastlands, pipa la chuma lenye mlango mzito, ambamo mikasi, glavu na vitambaa vya kuzalishia viliuliwa vijidudu. Aliutunza tangu mwaka wa sabini na moja. Kila asubuhi alitoka kwa miguu katika nyumba yake ya kaunsili pale Jericho, funguo zikining'inia mshipini, na alipofika aliupapasa mtungi kabla ya kumsalimu mtu. Mkewe, Kalekye, alisema chuma kile kingekuwa na miguu kingeshaletwa nyumbani kama mke wa pili.

Kazi hakuisomea, aliisikiliza. Alikuwa na kijiti cha mpingo alichochongewa na kaka yake wa Wamunyu. Ncha moja aliigusisha bombani, ya pili akaitia sikioni. Valvu ya juu, ile ya usalama, hukaa kimya na hufyatuka tu presha ikizidi. Ya chini ndiyo yenye maneno. Mvuke ukiingia huisukuma hewa chini, valvu ikaachia hewa na maji yapite, kisha mvuke mkali ukiifikia hujifunga yenyewe. Kijitini ulisikika mkoromo, halafu kimya ambacho Ndambuki alikiita kushiba. Mkoromo usipokoma, valvu imekwama wazi na presha haitapanda. Kimya kikija tangu mwanzo, njia imeziba na hewa imebaki ndani, na hapo geji hukudanganya: inasoma ratili kumi na tano ilhali vijidudu vinaota jua tu.

Mwaka wa themanini na nne akaletwa Nahashon, fundi wa miaka thelathini kutoka magharibi, mwenye cheti na ovaroli iliyopigwa pasi. Mgeni njoo mwenyeji apone, husemwa, lakini Ndambuki hakuona alichoponywa. Kila asubuhi mgeni aliivuta kidogo ile valvu ya usalama kuhakikisha haijaganda, akaandika daftarini. Haikupita muda, Sista Asenath, mkubwa wa wauguzi, akawa anamuuliza Nahashon kwanza. Ndambuki aliona wivu mpaka chakula kikamshinda. Na mwisho wa mwezi Sista alitakiwa kupeleka jina la msimamizi wa chumba cha mvuke, mtu wa kukabidhiwa funguo rasmi. Mmoja tu.

Ndambuki akatafuta la kumpiku. Vitambaa vya kufungia vifaa vilikuwa vimechakaa, naye akapata sokoni Gikomba mifuko arobaini ya pamba iliyotoka kwa waokaji wa mikate. Kalekye alitaka kuiloweka na kuichemsha siku mbili ili unga na manyoya yatoke. Mumewe akakataa, akasema ikung'utwe tu, kesho aondoke nayo. Basi mama wa watu akaishona iwe vitambaa, usiku kucha, kwa uzi wa buluu. Sista alimsifu Ndambuki mbele ya wote, na siku hiyo Jericho aliiona karibu.

Wiki mbili baadaye vifurushi vilianza kutoka vimelowa, na utepe unaobandikwa kwenye kila kifurushi, ambao hutoka na mistari myeusi mvuke ukipenya, ukabaki vile vile. Sista akausimamisha mtungi, vifaa vikarudi kuchemshwa kwenye sufuria. Nahashon alitazama geji, akatazama kipimajoto, akasema hewa haitoki. Akamwomba mzee asikilize. Ndambuki akaweka kijiti, akasikia kimya tangu mvuke ulipofunguliwa. Alijua pale pale kwamba njia imeziba.

"Mimi naskia iko sawa," alisema.

Kisha akaenda kwa Sista akamweleza kwamba valvu zimeharibika kwa kuvutwavutwa kila asubuhi. Hasidi hana sababu, lakini huyu alijitafutia moja. Sista alimkemea Nahashon mbele ya wauguzi, akamwambia mtungi usipopona kesho yake atarudishwa alikotoka. Ndambuki alitazama pembeni.

Kesho yake saa saba mchana Nahashon alijifuta mikono.

"Mzee, acha niende nikule. Hebu angalia hiyo chujio iko kabla ya valvu ya chini."

Ndambuki alingoja nyayo zake zipotee. Alikuwa ameshapanga: atafungua, atatengeneza, jina litakalopelekwa ni lake. Mtungi ulikuwa umepoa na geji inasoma sufuri. Akatia spana. Nati ambayo kwa kawaida hudai nyundo ikazunguka kwa vidole. Ndani, wavu wa chujio ulikuwa umejaa manyoya ya pamba na unga ulioiva ukagandamana, na juu yake umelala uzi wa buluu, mrefu, umenyooshwa vizuri.

Hapo akaelewa. Kijana alishafungua. Aliona uzi, akajua umetoka kwa nani, akarudisha kila kitu na kwenda kula ili mzee ajitengenezee mwenyewe na jina lake lisichafuke. Ndambuki angeona afadhali kutukanwa. Hata kwa wema alikuwa ameshindwa.

Bomba la maji lilikuwa hatua mbili. Akalifungua, maji yakatiririka, akasimama chujio mkononi. Kisha akalifunga na kwenda ofisini.

"Sista, huu uchafu ni wangu. Uzi ni wa mama watoto, haraka ilikuwa yangu. Kijana alijua, akaninyamazia."

Sista Asenath alilitazama chujio, akanyoosha mkono apewe funguo. Ndambuki akazifungua mshipini, na suruali ikawa nyepesi upande huo.

Nahashon aliporudi, chujio lilikuwa limeoshwa na mvuke unaingia. Aliambiwa kwamba sasa funguo ni zake, akainamisha kichwa, akaomba kijiti asikilize. Miaka kumi na mitatu hakuna aliyewahi kukishika. Ndambuki alikikawiza mkononi, kisha akampa. Kijana alisikiliza mkoromo mpaka ukakoma.

"Imeshiba, mzee," alisema.

Neno hilo Ndambuki alidhani ni lake peke yake. Wivu ukampanda upya, mkali kuliko wa kwanza. Akaikusanya mifuko yote arobaini, akaifunga kwenye shuka, akaipeleka Jericho ikalowekwe.